Amri ya Vinu

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe kumi na moja Machi, pale wakubwa wa mjini walipoisikia ardhi ikidunda kwenye mashine zao za kupima mitetemo ya volkano, wakasema ni wanawake wa mlimani wanatwanga sombe, yale majani ya muhogo. Hawakuonya mtu. Moto wa mlima ukashuka, ukamkuta Nsimire, mke wa Bisimwa, jikoni.

Baadaye ikatoka amri: kutwanga marufuku, mashine zisidanganyike tena. Wakubwa ndio waliokosa, vinu ndivyo vilivyochomwa. Majani ya muhogo siku hizi huja kwenye mifuko, yamesagwa laini kama uji wa mgonjwa.

Leo mchana Bisimwa alikuwa akijilazimisha kuyameza, maji yakatetemeka kikombeni. Du, du, du, kwa mwendo wa mchi. Akawapigia simu wakubwa wa mjini kuwaeleza.

"Acheni kutwanga, mzee," kijana wa ofisini akamjibu.

"Kwa kinu gani, mwanangu? Si mlivichoma vyote?"

"Basi kuna aliyeficha. Natuma askari."

Mapendo, jirani yake, alikuwa mlangoni, mtoto mgongoni. "Baba, wamesema tukimbie?"

"Hawa? Twende, binti yangu. Wao wataamka kesho."

Simu akaiacha mezani, ikiendelea kufoka: "Mzee! Nani anatwanga huko?"