Dawa ya Deni

Asubuhi ya siku ya kumaliza deni la nyumba, Ratili aliyaanua majani ya chai aliyoyaanika dirishani tangu jana, akayarudisha kwenye birika. Chai ikatoka na rangi ya maji yaliyosuuziwa glasi. Akainywa kwa raha zake huku akimtazama jirani aliyekuwa akiosha gari.

“La mkopo lile,” alisema. “Na sabuni yake ya mkopo.”

Mkewe, muuguzi, alikuwa akifunga vifungo vya sare. “Kunywa, baba. Usije ukachelewa benki.”

Jina la Ratili alipachikwa kazini. Alikuwa mkaguzi wa mizani, akizunguka madukani kuhakikisha kilo ni kilo kweli. Na kama alivyoipima mizani ndivyo alivyowapima watu, wala hakuna aliyetimiza uzito. Mkuu wake wa kazi alikuwa mjinga kwa kuwa na suti nyingi. Karani wa pale ofisini alikuwa mjinga kwa kuwapeleka wanawe matembezini kila likizo. Lakini mfalme wa wajinga alikuwa shemeji yake, kaka wa mkewe, aliyeishi nyumba ya kupanga, akicheka kwa sauti na kununua kuku mzima kila akipata mshahara.

“Ponda mali, kufa kwaja,” Ratili alimwambia siku moja. “Utazikwa na mifupa ya kuku.”

“Sasa wewe shemeji, haraka ya nini? Benki imekupa miaka tele ya kulipa. Kwani nyumba inakimbia?”

“Dawa ya deni kulipa. Wewe huwezi kuelewa. Hata kitasa unachofungua si chako.”

Zamani mkewe naye alikuwa wa ukoo huohuo. Alitaka makochi, wakati viti vya plastiki vilikuwepo. Alitaka mapazia, wakati shuka kuukuu zilizuia jua vizuri tu. Ratili alikuwa akimjibu mbele ya wageni: “Huyu mkabidhi benki asubuhi, jioni imefilisika.” Wageni walicheka huku wakitazama sakafu.

Binti yao alipoolewa, mama wa bibi harusi alivaa gauni la kuazima, limembana kwapani. Ratili aliposimama kutoa nasaha aliwatangazia waalikwa habari za gauni lile, ili maharusi wajifunze kubana matumizi. Alishangaa kwamba hakuna aliyepiga makofi.

Siku chache baadaye mkewe alirudi kutoka mjini, akavua viatu, akaketi.

“Baba, nimefikiri,” alisema. “Kwa nini tulipe kile tu benki inachotaka? Tuongeze. Mshahara wangu wote uende huko, tumalize mapema.”

Ratili alitamani kumkumbatia. Akajizuia, asije akamvimbisha kichwa. “Umechelewa kupata akili,” alimjibu, “lakini angalau umepata.”

Tangu hapo mwanamke akajifunga kibwebwe. Akaomba zamu za ziada hospitali, akarudi nyumbani miguu imevimba, na kila senti ikaenda kwenye deni. Hakudai kitu tena. Hakununa, hakugomba. Ratili alimsimulia yule karani jinsi mke anavyofunzwa, kama mtu anayesimulia alivyomfuga paka mwizi.

Hata yeye mwenyewe alipolegea, magoti yakimuuma kwa kutembea, akaanza kutamani pikipiki iliyotumika, mkewe ndiye aliyemkatalia.

“Vumilia, baba. Mpaka tuishike hati mkononi.”

“Hata pikipiki tu?”

“Hata baiskeli.”

Aliona fahari. Amenipita hata mimi, aliwaza.

Asubuhi hiyo benki, binti wa kaunta alimkabidhi hati ya nyumba kwa mikono miwili. “Hongera sana, mzee. Umemaliza kabla ya wakati, wengi hawawezi. Sasa tuna mkopo mzuri wa gari—”

Ratili alimtazama kama anavyoutazama mzani uliobandikwa sumaku chini. Akaikumbatia hati yake, akatoka bila kuaga.

Njiani moyo ukamlainika, jambo lililomtia wasiwasi kidogo. Mama wa watu amechoka, aliwaza. Atamnunulia makochi. Yaliyotumika, bila shaka, na kwanza atamkumbusha kwamba bila ubahili aliokuwa akiulalamikia, leo wasingekuwa na pa kuyaweka.

Alimkuta shemeji yake mlangoni, amekunja mikono. Kwa mara ya kwanza hakuwa akicheka. Sebuleni, mwanamume asiyemjua alikuwa akivuta tepu kutoka ukuta hadi ukuta. Mkewe alikuwa amesimama kando, bado amevaa sare.

Ratili alicheka kwa pua. “Mazoea yana taabu! Wino haujakauka, umeshaita fundi wa makochi? Fundi, kunja tepu yako. Humu ndani mwenye kauli ni mimi.”

Yule mtu hakukunja kitu. Alimtazama mwanamke, naye akamwashiria aendelee.

“Si fundi wa makochi, baba. Ni mthamini. Anatafuta bei ya nyumba, tuiuze tugawane.”

“Tugawane? Nani na nani?”

“Wiki ile ya harusi nilikwenda kwa wakili kutaka talaka. Akaniambia nyumba ina deni, tukiiuza fedha yote itachukuliwa na benki, nitatoka mikono mitupu.” Akaipokea hati kutoka mikononi mwake, taratibu, kama anavyompokea mgonjwa glasi. “Nikamuuliza, na tukiongeza malipo je?”