Ngoma ya Mateus Kwenye Santuri

Nyimbo tatu za kwanza za santuri mpya zilikuwa magitaa ya umeme matupu. Mwanangu Mateus, mpiga ngoma wa bendi iliyoirekodi, aliikodolea macho gramafoni.

"Wamekutoa," nilimwambia. "Rudi kijijini Mahurunga ulime mpunga."

"Ngoja kwanza, mama."

Kule studio Nairobi walimkataza kuwasha moto ndani, na ngoma isiyopashwa moto ili ngozi ikaze hulia kama gunia. Walimwambia ikilia hivyo wataifuta.

Kwenye wimbo wa nne magitaa yalinyamaza. Ngoma ikaingia peke yake, kali na kavu, hata vikombe vikatetemeka mezani. Mateus akafunika uso kwa viganja.

Nikashusha pumzi. "Uliipasha kwa kitu gani?"

"Kwa pasi ya mkaa. Niliazima kwa mke wa mlinzi wa studio."

"Rudisha sindano mwanzo wa wimbo," nikasema.