Namba Aliyoibadili Tunu

Begi la Tunu lilikuwa limeshapakiwa kwenye gari la Sefu, aliyekuwa akimsubiri barabarani, Tunu alipoketi kumsomea mumewe Khatibu, aliyekuwa kipofu, fumbo la dhumna la gazetini. Kila asubuhi alimtajia namba za kwenye miraba, naye Khatibu akazipanga dhumna kichwani. Leo alibadili namba moja makusudi, fumbo lisikubali, apate nafasi ya kutoroka.

“Una hakika ni nne, bibie?”

Tunu alikunja gazeti. “Nne, bwana.”

“Basi waliolitunga walilewa. Usinisaidie, nitalipata.”

Alimwacha anacheka peke yake.

Dada yake Khatibu, asiyejua kusoma, alimchukua wakaishi pamoja. Khatibu alikufa baada ya miaka sita, bado akilirudia fumbo lile na kusema kosa ni lake. Tunu aliolewa na Sefu. Namba yenyewe ilikuwa mbili.