Tone la Ganzi

Daktari Rehani alipokuwa akimtilia Bi Mwanakombo dawa ya ganzi, ncha ya chupa iligusa kope zake. Alimpasua chokea, kile kijipu cha kwenye kope, akamfunga bendeji, kisha akaitupa ile chupa, nayo ilikuwa bado imejaa.

"Ala! Si umtilie mume wangu hiyo hiyo?" Bi Mwanakombo alimaka. "Naye ana chokea, na tunalalia mto mmoja."

"Mto lalieni, mama. Lakini dawa iliyogusa jicho lako yaweza kumwambukiza mwenzio, hata akapofuka."

"Basi itupe mbali!"

Akacheka, akamwita mumewe, akamshika mkono. Daktari akafungua chupa mpya. Mzee Shaweji akakodoa jicho huku akitabasamu, na tone la kwanza likaning'inia juu yake.