Miguu ya Tusekile

Siku moja tu kwa mwaka sheria ilimruhusu Bi Sekela kushika usukani. Siku nyingine zote magari yalijiendesha yenyewe, na kumfundisha mtu udereva ilikuwa jela moja kwa moja. Waliojua tangu zamani waliachiwa ujuzi wao, wazeeke nao.

Basi alipoipandisha Pijo yake mlima Kitonga, kuelekea gwaride la magari ya kale Iringa, alitamba. Magari yanayojiendesha yalisogea pembeni kumpisha, na abiria wakampungia mikono.

"Mama, leo umepania!" alicheka binti yake Tusekile, aliyekaa kando yake kila safari tangu utotoni.

Kona ilikuwa kali. Bi Sekela alipotaka kupunguza gia, aliuona mguu wa kushoto wa binti yake ukikandamiza sakafu tupu, kabla yeye mwenyewe hajakanyaga klachi. Kona iliyofuata, vilevile: mguu ulishuka, kisha ukaachia taratibu, bila kosa.

"Nani kakufundisha?"

"Kunifundisha nini, mama?" Tusekile alishangaa kweli.

Fahari ilimjaa Bi Sekela kifuani hadi machozi yakamlengalenga.

Langoni mwa gwaride, msururu ulisogea kidogo kidogo, kila mara Bi Sekela akibadili gia, na mguu wa Tusekile ukishuka pamoja na wake. Mkaguzi aliinama dirishani na kamera yake. Bi Sekela alivua haraka khanga mabegani, akamtupia binti yake mapajani.

"Jifunike miguu, mwanangu," alisema, huku akimtabasamia mkaguzi. "Iringa kuna baridi."