Wenzake wa Kiwandani

Fidelma aliingia katika nyumba ya watu akiwa na uongo mmoja tu, alioukariri njia nzima kutoka Dublin: yeye na marehemu Concepta Boyle waliwahi kushona mashati pamoja. Kiwanda kilitajwa kwenye tangazo la kifo. Yeye hakutajwa. Alikuwa amekabidhiwa masista akiwa na wiki sita, miaka hamsini iliyopita, ili apewe wazazi wengine.

Barua tatu alizomwandikia Concepta, mama yake wa kumzaa, hazikujibiwa. Leo alitaka jambo dogo: kuuona uso ule mara moja kabla jeneza halijafungwa saa kumi na moja, kisha aondoke bila kumharibia mtu msiba. Huku Donegal, nyumba yenye maiti haimdai mgeni kadi ya mwaliko. Humuuliza mengine yote.

"Karibu, dada. Mlijuana vipi na mama?" alisema Noreen, binti wa nyumba, akimkabidhi chai na sandwichi ambazo hakuziomba.

"Kiwandani. Pole sana kwa msiba."

"Jamani! Na wewe, kaka?"

Mwanamume mrefu aliyeketi kando alijibu upesi. "Kiwandani vilevile."

"Basi mna mengi ya kukumbushana!" Noreen akavisogeza viti vyao vikagusana, akaenda zake.

Chai ilimpalia Fidelma. Kati ya waombolezaji sitini, alikuwa ameketishwa kando ya mtu pekee awezaye kumuumbua.

"Ulikuwa upande gani?" aliuliza yule bwana.

"Kola."

"Mimi vifungo." Akakoroga chai yake. "Unamkumbuka msimamizi, yule mwenye masharubu?"

"Nitamsahau vipi? Alitutesa mno."

Bwana yule alimkazia macho kwa muda usiolingana na jibu. Fidelma akajua ameshikwa.

"Wanaotaka kumuaga, ni sasa!" Noreen aliita. "Watu wa jeneza wanatuharakisha, utadhani wana basi la kuwahi."

Wakasimama pamoja mbele ya jeneza. Concepta alikuwa na masikio makubwa yaliyochomoza, kama yale ambayo Fidelma alikuwa ameyaficha chini ya nywele maisha yake yote. Machozi yakamtoka pasipo ruhusa.

Bwana yule alichomoa leso mfukoni. Fidelma akanyoosha mkono kuipokea, lakini mwenyewe akajifutia machozi yake.

"Mimi alinikabidhi kwa masista mwaka sabini na moja," alinong'ona. "Wewe je?"