Ngiri Ampa Kocha Mpya Mgongo

Timu ya mpira wa kikapu ya Swala ilipomwajiri Kakakuona awe kocha, mashabiki walichachamaa.

"Hata kuruka hajui!" alifoka Ngiri, shabiki asiyekosa mechi. Akaapa kuketi akiupa uwanja mgongo mpaka kocha atimuliwe. Wenzake nao wakaapa.

Siku ya mechi waliketi hivyo hivyo. Lakini Swala, waliozoea kila mmoja kurusha kivyake, sasa walipasiana, na mpira ukawa unaingia kikapuni mfululizo. Mashabiki wakageuka mmoja mmoja, wakashangilia.

"Tunashinda, bwana! Geuka!" Pundamilia alimsihi.

"Sigeuki ng'o!" alijibu Ngiri, machozi yakimlengalenga.

Miaka saba alikuwa ameusubiri ushindi huo. Ulipokuja, yeye alikuwa anatazama ukuta.